Taa Ikizimwa, Izimike Kweli

Wale mnaokuja hapa kutafuta habari za programu na hifadhidata, leo mnisamehe kidogo. Naandika juu ya swichi ya ukutani. Lakini msiondoke, kwa sababu swichi mbili na balbu moja ni kompyuta ndogo kuliko zote, na katika vyumba vya kuongeza vya Kawangware na Kibera naiona kompyuta hiyo ikiundwa vibaya tena na tena, halafu watu wanalala chini yake na watoto wao.

Kwanza kitu chenyewe. Swichi ya kawaida ina sehemu mbili za kufungia waya. Swichi ya njia mbili, ambayo mafundi wetu huiita tu-wei, ina tatu: moja imeandikwa COM, nyingine L1, nyingine L2. Ukibonyeza, COM inaiacha L1 na kushika L2. Ukibonyeza tena inarudi. Swichi hiyo ikiwa peke yake haizimi chochote, kazi yake ni kuchagua tu. Sasa weka moja chini ya ngazi na nyingine juu. Unganisha L1 na L1, L2 na L2. Laivu, yaani waya yenye moto, iingie kwenye COM ya chini. COM ya juu iende kwenye balbu. Hapo unawasha taa ukiwa chini, unapanda, unazima ukiwa juu. Nyutro, yaani waya ya kurudi, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye balbu bila kupitia swichi yoyote. Hilo la mwisho ulishike vizuri maana ndiyo habari yote ya leo.

Ukiandika programu utakuwa umeshaitambua. Ni XNOR! Ukibadilisha kimoja, jibu linabadilika. Ukibadilisha vyote viwili, jibu linabaki lilivyokuwa. Fundi akizigeuza zile waya mbili za kati, L1 ikaenda L2, umepata kinyume chake, XOR, na hakuna mtu ndani ya nyumba atakayejua tofauti. Ndiyo sababu kwenye swichi hizi hakuna "juu ni kuzima" na "chini ni kuwasha". Swichi moja haijui hali ya taa. Hali iko katika zote mbili kwa pamoja. Kumbe nyanya yako anayelalamika kwamba swichi ya ngazi "haieleweki" ana hoja ya kitaalamu kabisa.

Na uhusiano huu sikuubuni mimi. Mwaka 1937, kijana wa miaka 21 aitwaye Claude Shannon aliandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili pale MIT, Marekani, akaonyesha kwamba aljebra ya George Boole, iliyochapishwa katika kitabu cha 1854, inatosha kueleza saketi zote za swichi na rilei. Kompyuta unayosomea haya imejengwa juu ya wazo hilo. Ndani ya kazi hiyo hiyo Shannon anataja saketi ya kuwasha taa moja kutoka sehemu nyingi, na anaitaja kama kitu ambacho mafundi walikuwa wanakijua tayari. Yaani fundi wa ngazi alitangulia, mwanahisabati akaja kueleza kwa nini inafanya kazi. Mimi hupenda sana kulikumbuka hilo ninapowasikia wenzangu wa kompyuta wakiwadharau mafundi wa mikono.

Basi turudi Nairobi.

Kawangware, sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu wenyewe. Mtu ana ploti aliyoachiwa na mzazi, ina vyumba vya mabati vilivyopangwa mistari miwili, kila chumba na mpangaji wake. Pesa zikipatikana anabomoa mstari mmoja, anajenga mawe, anamwaga slabu, anaongeza vyumba juu. Ngazi inawekwa nje au katikati, nyembamba, mara nyingi bila dirisha. Saa mbili usiku ni giza totoro. Mama anapanda na ndoo ya maji mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Hapo taa yenye swichi chini na juu si anasa hata kidogo.

Kibera hadithi ni nyingine. Ardhi kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa ya serikali, isipokuwa ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hati yake mwaka 2017. Kule Makina, kwa Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, utakuta nyumba ndefu za zamani: ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba pande zote mbili. Familia ikikua, vyumba vinaongezwa nyuma. Ukumbi unarefuka, lakini swichi inabaki pale pale mlango wa mbele. Anayetoka chumba cha nyuma usiku kwenda chooni anapapasa ukuta hatua kumi na tano.

Kwa hiyo sehemu zote mbili zinaihitaji tu-wei kuliko nyumba nyingi za Lavington. Shida ni jinsi inavyofungwa.

Nitasimulia kisa kimoja. Jirani yangu hapa Kawangware, mama mwenye ploti, aliongeza vyumba viwili juu mwaka juzi. Vyumba vya chini vina mita yake, vya juu aliviombea mita nyingine ili mpangaji ajinunulie tokeni mwenyewe. Fundi alipofika kwenye taa ya ngazi akamwambia, "Mama, hapa hatuhitaji waya nyingi. Stima iko chini na stima iko juu." Mama akamjibu kama ambavyo yeyote angejibu, "Sawa fundi, bora iwake."

Na ikawaka. Ukibonyeza chini inawaka, ukibonyeza juu inazima, vizuri kabisa. Miezi michache baadaye balbu iliungua, kijana wake akaniita nimshikie ngazi ya mbao. Taa ilikuwa "imezimwa". Nikamwambia apime kwanza. Testa iliwaka upande mmoja wa holda. Akahamisha upande wa pili. Ikawaka pia! Pini zote mbili za holda zilikuwa na moto, na taa imezimwa.

Fundi alifanya hivi. Chini alichukua laivu na nyutro kutoka kwenye soketi iliyo karibu, akazifunga kwenye L1 na L2 ya swichi ya chini. Juu akafanya vivyo hivyo kutoka kwenye soketi ya juu. Halafu COM ya kila swichi akaipeleka upande mmoja wa balbu. Swichi moja ikichagua laivu na nyingine nyutro, taa inawaka. Zote zikichagua nyutro, imezimika. Zote zikichagua laivu, imezimika pia, kwa sababu hakuna tofauti ya volti kati ya pini hizi mbili, lakini tofauti kati ya pini na mwili wako uliosimama kwenye saruji mbichi ni 240.

Angalia vizuri jambo hili wewe mwandika programu. Jedwali la ukweli ni sahihi! XOR ni XOR. Ukijaribu hali zote nne, balbu inatoa jibu linalotakiwa kila mara. Jaribio linapita. Kosa haliko kwenye jibu, liko kwenye njia ya kulipata, na mtu hulijua siku anapopanda kubadilisha balbu. Mfumo huu si mpya wala si wa kwetu pekee. Marekani waliutumia zamani, wakaupiga marufuku katika kanuni zao za umeme mwaka 1923. Takriban miaka mia moja baadaye mtu anaubuni upya kwenye ngazi ya Kawangware, bila kujua kwamba umewahi kuwa na jina.

Tena hapa kwetu ni mbaya zaidi, kwa sababu chumba cha kuongeza mara nyingi kina mita yake. Mpangaji wa juu akizima swichi yake kubwa ili arekebishe kitu, anaamini kwamba nyumba yake haina moto. Lakini ndani ya kisanduku cha swichi ya ngazi kuna waya inayotoka kwa balbu, na upande wa pili wa balbu ni laivu ya jirani wa chini. Moto unapita kwenye balbu na kumfikia. Na kama ploti imeingiziwa stima ya fezi tatu, vyumba vya chini fezi moja na vya juu nyingine, basi laivu mbili hizo hazifanani. Kati yake kuna volti 415. Hapo hata XOR yenyewe inavunjika: swichi zote mbili zikichagua laivu, balbu ya volti 240 iliyotakiwa kuzimika inapigwa 415.

Nilipomwonyesha fundi, alisema maneno ambayo nimeyasikia pia katika ofisi za programu zenye viyoyozi: "Lakini bosi, si inawaka?"

Simlaumu yeye peke yake. Ana mshahara wa siku, mwenye ploti amemwambia apunguze waya, na mabomba ya konduiti yameshafunikwa na plasta. Maoni yangu ni kwamba tatizo kubwa liko kwenye neno "kuongeza". Nyumba mpya ikitaka kuunganishwa, Kenya Power hudai cheti cha fundi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Lakini chumba cha kuongeza kikivuta stima kutoka chumba cha zamani, mita tayari ipo, tokeni zinaingia, nani atakuja kuangalia? Ni kama kuongeza kazi mpya kwenye programu ambayo tayari iko hewani, bila mtu wa pili kuisoma. Na hata hapo mita ya pili ilipoombwa, mkaguzi huangalia chumba. Ngazi iko katikati, si ya huyu wala ya yule.

Kibera kuna tabaka lingine. Kupitia mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, Kenya Power iliunganisha nyumba za mitaa ya mabanda kwa ada ya shilingi 1,160, na kufikia Mei 2015 idadi ilikuwa imeruka kutoka nyumba 5,000 hadi 150,000 kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Nyumba ndogo huwekewa ubao uliotayarishwa, wenye soketi, breka na holda ya taa, unapigiliwa ukutani na kazi imeisha. Ni wazo zuri. Ila ubao ule ulikusudiwa chumba kimoja. Ukijenga cha pili nyuma, kila kitu kinaanza kuning'inia kutoka kwake. Na palipo na sambaza, yaani stima ya kugawiwa na mtu kutoka kwenye laini, nyumba moja inaweza kuwa na laivu ya huyu na nyutro ya yule, na mwenye laini akikatwa usiku anahamia kwingine bila kukuambia. Hapo nasema wazi: usifunge tu-wei. Weka balbu mbili, kila moja na swichi yake ya kawaida na chanzo chake, au tumia taa ya sola yenye betri ukumbini. Taa moja ikiguswa na vyanzo viwili vya namna hiyo hakuna fundi duniani atakayekuambia kwa uhakika kwamba imezimika.

Kwa wengine wote, nitakuambia ninachomtaka fundi afanye, na wewe umwambie kabla plasta haijapakwa, maana baadaye ni nyundo.

Taa ya ngazi iwe na chanzo kimoja tu. Chagua mita moja, ya mwenye ploti ikiwezekana, na laivu na nyutro zitoke kwenye breka hiyo hiyo. Kati ya swichi ya chini na ya juu zipite waya mbili za kuchagulia, milimita 1.5 za mraba zinatosha kwa taa, pamoja na waya ya ardhini, ambayo kazi yake ni hiyo tu isigeuzwe kuwa kitu kingine. (Nimeona waya ya kijani na njano ikitumika kama laivu kwa sababu "ndiyo ilibaki". Fundi atakayefuata ataishika kwa mkono mtupu, na atakuwa na haki.) Waya mbili za kuchagulia zifungwe utepe wa rangi pande zote mbili, kwa sababu zote mbili ni laivu kwa zamu. Halafu ndani ya visanduku vya swichi kusionekane nyutro hata moja iliyofungwa kwenye swichi. Hiki ndicho kipimo ambacho hata wewe usiye fundi unaweza kukiuliza: "Fundi, nyutro inapita wapi?" Akikuambia inapita kwenye swichi, msimamishe.

Swichi zenyewe si ghali. Tu-wei inazidi swichi ya kawaida kwa kidogo, na unaweza kuitumia kama ya kawaida kwa kuacha L2 wazi, kwa hiyo hakuna hasara kununua zile zile nyumba nzima. Ukienda Luthuli, angalia alama ya KEBS na uibonyeze dukani mara kadhaa. Ikikwama katikati iache. Ghali ni waya na konduiti, na hapo ndipo watu wanapobana, halafu wanaweka vigae vya kung'aa kwenye ngazi hiyo hiyo.

Kuna mambo mawili yatakayokushtua hata kama kazi ni safi. Balbu za LED kwenye tu-wei za waya ndefu wakati mwingine hupepesa au kung'aa kidogo sana zikiwa zimezimwa. Si jini. Ile waya ya kuchagulia isiyotumika inalala mita kumi sambamba na mwenzake yenye moto, na mbili hizo zinakuwa kama kapasita. Mkondo mdogo mno unapita, balbu ya zamani ya nyuzi isingeuona, LED inaujaza pole pole halafu inamweka. Lakini usiridhike haraka: dalili hiyo hiyo hutokea pale ambapo fundi amekata nyutro badala ya laivu. Kwa hiyo ipimwe. Na hapo ndipo jambo la pili: multimita ya dijitali inaweza kukuonyesha volti kadhaa kwenye waya ambayo haina nguvu yoyote, kwa sababu hiyo hiyo ya kapasita. Fundi mwenye uzoefu atapima tena akiwa amebebesha balbu ya majaribio. Mwenye kubahatisha atakuambia "hiyo ni kawaida" katika hali zote mbili.

Najua kuna msomaji anayejiandaa kuniambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, siku hizi kuna balbu za Wi-Fi, unawasha kwa simu. Nimezitumia. Napenda vitu hivyo kuliko ninavyopaswa. Lakini balbu hizo zinataka swichi ya ukutani iachwe imewashwa saa zote, na mgeni wa kwanza ataizima kwa mkono. Zinataka ruta iwe na moto na simu iwe na chaji. Stima ikikatika na kurudi saa nane usiku, nyingine huwaka zenyewe zote. Waya mbili kati ya swichi mbili zinahifadhi hali yake kwa chuma na plastiki, bila programu ya kusasishwa, bila nywila, na mpangaji mpya haitaji kuelezwa chochote. Sijaona mfumo niliouandika mimi mwenyewe ukidumu miaka thelathini.

Yule jirani yangu alirudisha fundi mwingine, mwenye leseni. Alipasua plasta upande mmoja wa ngazi, akapitisha konduiti mpya kutoka juu hadi chini, akaitenga ngazi kabisa na mita ya mpangaji. Kazi ilichukua nusu siku. Alipomaliza alizunguka hali zote nne za swichi, katika kila hali akapima holda dhidi ya ardhi, halafu akazima breka moja ya mwenye ploti na kupima tena. Kila taa ilipokuwa imezimika, hakuna pini iliyokuwa na moto. Bili ya ngazi sasa iko kwa mama mwenyewe, na analalamika, ingawa balbu ni ya wati tisa.

Na wale wa Makina wenye ukumbi mrefu, mlango wa mbele, mlango wa uani na chumba cha katikati: swichi mbili hazitoshi, lakini wala huhitaji mfumo mpya. Katikati inawekwa swichi ya aina nyingine yenye sehemu nne za kufungia, inayokatiza zile waya mbili za kuchagulia na kuzivusha, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Unaweza kuongeza za namna hiyo kadiri ukumbi unavyorefuka, na mbili za tu-wei zinabaki mwanzo na mwisho. Dukani uliza swichi ya kati yenye sehemu nne, na uifungue uhesabu kabla ya kulipa, kwa sababu kwa nje inafanana kabisa na zile nyingine.